Askari Asiye na Pua

Ijumaa iliyopita nilistaafu, nikakabidhi ufunguo wa ofisi, kalamu ya kuchorea kwenye kompyuta na kikombe ambacho kumbe hakikuwa changu. Wenzangu walinunua keki yenye picha yangu juu yake, safi kabisa, kila mvi mahali pake. Tukaikata, mimi nikapewa kipande cha sikio. Vijana wakaniomba niseme neno. Mbele za watu mdomo wangu ni mzito, nikawaambia nitaandika. Ndiyo haya.

Najua mnachotaka kusikia. Kila wiki mnabishana pale mezani: je, gemu ya simu isiyo na picha zinazofanana na vitu vya kweli inaweza kumshika mtu asiiache? Nimechora kwa miaka arobaini na kitu, kwanza kwa brashi, kisha kwa kompyuta, na jibu nililonalo limenigharimu mbuzi mmoja, uso wa baba yangu na injini ya gari. Nitaanza na mbuzi. Habari za vyeo nitaziruka, kwa sababu sikuwahi kuwa nacho hata kimoja.

Nimezaliwa katika bareki ya polisi hapa Kampala. Sisi ni Wanubi. Baba, Sajini Farajala, alikuwa trafiki, na kwa miaka mingi alisimama katikati ya raundabauti akiwa na sare nyeupe na glavu nyeupe. Mama alisuka vitanga vya ukindu vya rangi. Nyumbani tulisema Kinubi, nje ya mlango tukasema Kiswahili, kwa sababu jirani wa kushoto alitoka Gulu, wa kulia alitoka Soroti, na watoto walihitaji lugha ya kugombania mpira. Kiswahili changu kilianzia hapo. Kama kimenyooka leo, mshukuruni mtu mmoja wa Kisumu ambaye nitamtaja baadaye.

Nilipomaliza shule nilipata kazi Katwe, kwa mchora mabango aliyeitwa Ssalongo, ambalo ni jina la heshima la baba wa mapacha. Jina lake jingine sikulisikia mpaka siku tulipomzika. Kibanda chake kilibanwa na mafundi wa chuma: upande mmoja walichomelea mageti, upande wa pili waligonga masufuria, na sisi katikati tukipuliza vumbi la chuma lisitue kwenye rangi mbichi. Siku ya kwanza hakunipa brashi. Alinipa uzi uliopakwa chaki na kunionyesha jinsi ya kuuvuta juu ya ubao na kuuachia, tap, ukabaki mstari ulionyooka. Nilifanya hivyo kutwa nzima. Jioni vidole vyangu vilikuwa vyeupe kama glavu za baba.

Siku ya tatu akanipa bango la bucha nichore mbuzi. Nilimchora kwa siku mbili, unywele mmoja mmoja, na ndevu, na unyevunyevu wa pua. Watu wakaanza kusimama kumtazama. Mwenye bucha akaja, akaweka mikono nyuma, akamtazama kwa muda mrefu.

“Huyu siwezi kumuuza,” akasema. “Anaonekana ana jina.”

Ssalongo hakucheka mbele ya mteja. Alingoja aondoke, akachukua brashi pana, akamfuta mbuzi wangu kwa rangi nyeupe, halafu akachora paja moja jekundu, kisu, na neno MBUZI. Ilimchukua muda wa kunywa chai.

“Khamis,” aliniambia, “watu hapa wanapita mbio. Wape kitu wanachoweza kukisoma wakiwa mbioni.”

Nilisema ndiyo, Ssalongo. Sikuwa nimeelewa. Nilichoelewa mimi ni kwamba watu walisimama kumtazama mbuzi wangu, na utamu huo ulinikaa rohoni. Ssalongo alipofariki nikarithi kibanda, na nikawa fundi wa sura. Mtu akitaka picha ya mama yake marehemu, ananiletea kipicha cha kitambulisho, nami namrudishia mama mwenyewe, na mikunjo yake ya shingo. Nilijivuna. Katwe nzima walinijua kwa macho: nilikuwa na namna ya kuweka tone la rangi nyeupe kwenye mboni, na picha inakufuata ukitembea.

Halafu zikaja mashine za kuchapa mabango kwenye plastiki. Saluni iliyokuwa ikingoja bango wiki moja sasa ikawa inalipata kabla chai haijapoa. Mimi sikuchukia mashine. Zilichapa nyuso nzuri, ila kila saluni ikawa na mwanamke yuleyule. Kazi yangu ikabaki ya kuchora marehemu na kupamba malori.

Ndipo alipokuja Nakato. Alikuwa msichana aliyemaliza masomo ya kompyuta chuoni Kyambogo, na alikuja Katwe kutengenezewa sanduku la chuma la kuwekea kioo cha gemu. Fundi akamwambia angoje. Akangoja kwangu, akinitazama namalizia uso wa bibi mmoja.

“Mzee,” akasema, “uso kama huo unaweza kuuchora kwenye kompyuta?”

“Hata kuiwasha sijui.”

“Kuwasha nitawasha mimi.”

Sijawahi kupata mkataba ulioeleweka haraka kama ule.

Ofisi ilikuwa Nakawa, juu ya duka la magodoro, chumba kimoja chenye madirisha mawili na feni moja iliyogeukia kompyuta, siyo watu. Tulikuwa watatu. Mkubwa wetu alikuwa Otieno, mwenyeji wa Kisumu, mtu mpole mwenye haraka. Yeye hakujua Kiluganda, na Nakato hakujua Kijaluo, kwa hiyo tukafanya kazi kwa Kiswahili, kila mtu na cha kwao, naye Otieno akininyooshea changu. Nakato akitaka kusema “kurudi” husema “kuludi,” na hadi leo kuna faili kwenye kompyuta ya ofisi lenye jina hilo. Msilibadilishe, gemu itakataa kufunguka.

Wiki ya kwanza nilichora ndizi moja. Kalamu ilikuwa inateleza kama sabuni juu ya kibao cha kuchorea kilichounganishwa na kompyuta, na mstari ulitokea kwenye kioo, mbali na mkono wangu, kana kwamba mtu mwingine ndiye anayechora na mimi namwonea wivu. Siku ya pili Nakato alinikuta napuliza kioo.

“Mzee, unafanya nini?”

“Naikausha.”

Aliniwekea mkono begani, akatoka nje, akacheka huko ngazini. Hilo lilikuwa la adabu sana, na sijalisahau. Baada ya mwezi mmoja nilikuwa nachora macho.

Gemu iliyotufundisha sote ilikuwa ya raundabauti. Wazo lilikuwa langu, na nalisema bila aibu. Unakuwa trafiki katikati ya barabara nne. Malori yanakuja, boda zinakuja, msafara wa mazishi unakuja, korongo mla takataka anaamua kuvuka kwa miguu. Unainua mkono, hawa wanasimama, wale wanapita. Ukikosea, pote panajifunga. Otieno aliipenda, akaipeleka kwa kampuni moja ya simu, nao wakasema wakiridhika wataiweka kwenye simu zao mpya. Tukapewa miezi tisa. Wakikataa, Otieno alituambia wazi, angefunga ofisi na kurudi Kisumu kufundisha hesabu.

“Kwa hiyo hii kitu lazima ikae kama zile za ng'ambo,” alisema. “Jasho lionekane. Mtu akiona vimiraba atatucheka. Mzee Khamis, wewe ndiye tumaini letu.”

Maneno hayo yalinipanda kichwani. Nyumbani tulikuwa na picha moja tu ya baba akiwa na sare. Nikaipeleka ofisini, nikaanza kumchora awe ndiye askari wa gemu. Nilimchora kwa miezi minane. Niliweka vinyweleo vya kidevu ambavyo wembe ulivikosa. Niliweka kovu dogo la nyusi. Niliweka mng'ao wa jasho juu ya mdomo, na kivuli cha kofia kilichosogea kadiri jua lilivyosogea. Kompyuta ikawa inapata moto, tukaisogezea feni karibu zaidi, sisi tukatoka jasho kwa niaba yake.

Wakati huo Nakato alikuwa akitengeneza mwendo wa magari. Hakungoja picha zangu. Alitumia miraba: lori mraba mkubwa wa kijani, boda mraba mdogo wa njano, askari duara jeupe lenye kijiti. Ilikuwa ya kujaribia tu. Lakini nikaanza kuona jambo. Saa ya chakula, Otieno, aliyekuwa anaogopa vimiraba, alikuwa anacheza vimiraba. Sahani ya matoke mkono mmoja, kidole kwenye simu mkono wa pili. Nakato pia. Hata kijana wa duka la magodoro alikuwa anapanda kuja kuomba zamu. Ile yenye uso wa baba ilikuwa kwenye simu ileile, kando yake. Waliifungua, wakasema “lo, Mzee, umetisha,” wakaifunga.

Niliona, na niliumia. Nilijiambia ni kwa sababu haijakamilika. Nikaongeza kope.

Zikiwa zimebaki wiki tatu tukaita watu wa kujaribu. Desturi ile tuliianza siku hiyo na naomba msiiache: mwite mtu asiyekujua vizuri, mpe simu, ufunge mdomo. Wa kwanza alikuwa Mama Akello, muuza nyanya wa soko la Nakawa, mwenyeji wa Gulu, aliyetuuzia nyanya kila siku na hakuwahi kutusifu kwa lolote. Wa pili alikuwa Afande Sebi, sajini mstaafu, aliyefanya kazi na baba.

Tukampa Mama Akello gemu yangu. Akaileta simu karibu, akaisogeza mbali.

“Huyu baba iko muzuri sana,” akasema. “Ni nani?”

“Ni baba yangu,” nikasema, ingawa nilitakiwa kufunga mdomo.

“Pole. Alikufa lini?”

“Zamani. Umejuaje kwamba amekufa?”

Akaonekana anatafuta namna ya kusema bila kuniumiza, akaikosa. “Macho yake. Anatazama mimi lakini hapana ona mimi. Kama vile wamemusimamisha pale barabarani.”

Alicheza dakika tatu, akaweka simu chini, akaniuliza kama nataka nyanya za kesho. Nakato hakuniangalia. Akampa simu ile yenye miraba.

Mwanzoni Mama Akello aliuliza ni nini hiki. Nakato akamwambia kijani ni lori, njano ni boda. Basi. Baada ya muda mfupi yule mama alikuwa ameinama mezani. “Wewe kijani, ngoja. Nimesema ngoja.” Mraba mmoja wa njano ukapenya katikati. “Huyu ni shemeji yangu,” akasema bila kuinua kichwa. “Shemeji yangu Opio kabisa. Hajawahi kungoja mutu.” Akamzuia Opio kwenye barabara ya juu kwa makusudi, foleni nzima ikaziba nyuma yake, akaridhika. Tulimkumbusha habari za meza yake ya nyanya baada ya karibu saa nzima. Alisema jirani atamwangalizia.

Opio hakuwa na uso, wala magurudumu. Alikuwa mraba wa njano. Lakini alikuwa hai, na baba yangu, mwenye kope mia, alikuwa amekufa.

Afande Sebi alikuja mchana. Yeye alipopewa miraba alifanya jambo ambalo hatukulitarajia: kila aliposimamisha magari kwa kidole, mkono wake mwingine ulikuwa unainuka hewani wenyewe. Alipomaliza, nikamwonyesha uso wa baba. Aliutazama kwa heshima, akavua kofia.

“Umemchora vizuri,” alisema. “Lakini Farajala hakuwa akisimama hivi.”

“Alisimamaje, Afande?”

Akainuka kwenye kiti. Alikuwa na miaka themanini na kitu, goti linalia. Akasimama katikati ya ofisi, kati ya kompyuta na feni, akashusha bega la kushoto kidogo tu, kiasi cha upana wa kidole. Akangoja. Halafu ndipo mkono wa kulia ukapanda.

“Unaona? Bega kwanza. Madereva wote wa zamani walijua. Dereva wa lori akiona bega la Farajala limeshuka, anakanyaga breki. Mkono ulikuja baadaye, kama mhuri. Uso wake nani aliuona? Ulikuwa umefunikwa na kofia. Sisi tulimjua kwa bega.”

Jioni hiyo Otieno na Nakato walibishana. Otieno alisema hatuwezi kutupa kazi ya miezi minane, na kampuni haitapokea duara lenye kijiti. Nakato alisema hawezi kupeleka gemu ambayo mtu anaisifu na kuiweka chini. Walikuwa wanaongea polepole, kama watu wanaoogopa kuamsha mgonjwa, na nikatambua kwamba mgonjwa ni mimi. Hawakutaka kunitaja.

“Uondoe uso,” nikamwambia Nakato.

“Mzee, tunaweza kuuweka mwanzoni, kabla mchezo—”

“Uondoe. Nipeni siku kumi.”

Siwadanganyi kwamba ilikuwa rahisi. Alipobonyeza, ule uso ulitoka mara moja, bila hata kupauka kwanza, na mimi nilienda dirishani kutazama magodoro yakipakiwa.

Katika siku hizo kumi nilichora picha nne. Ya kwanza, askari amesimama: kofia nyeupe, shati jeupe, suruali nyeupe, glavu. Hana macho, hana mdomo, hana pua. Ya pili, bega la kushoto limeshuka. Ya tatu, mkono wa kulia uko njiani. Ya nne, mkono uko juu. Nilichora zile nne labda mara mia mbili, kwa sababu bega likishuka sana anaonekana mlevi, na lisiposhuka vya kutosha haonekani kuwa na nia. Malori nikayapa vichwa vya bapa na mzigo uliopinda upande. Boda nikazipa abiria mmoja zaidi ya zinavyostahili. Basi. Nakato alipoziunganisha picha hizo na mwendo wake, gemu ikabadilika kabisa, kwa sababu sasa mchezaji aliliona bega likishuka na akajua amebakiza sekunde moja ya kufikiri kabla mkono haujapanda. Otieno aliicheza mara moja, ya pili, ya tano, akasema, “Sawa. Wakicheka, nitacheka nao.”

Kabla hajaipeleka nilikwenda Bombo, mji wetu Wanubi, kumtazama mama. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Rangi aliziona, sura hakuziona. Tulikuwa tumekaa ukumbini, naye mikono ikisuka kitanga kwa kupapasa. Nikaweka simu mapajani mwake, si kwa kumjaribu, ila nilitaka aguse kazi yangu. Akaiinua mpaka ikakaribia pua. Bega likashuka, mkono ukapanda. Likashuka tena, ukapanda.

“Mbona Farajala amesimama juani tangu asubuhi na hakuna anayempa maji?” akauliza.

Sikuwa nimemwambia ni gemu ya nini. Sikuwa nimetaja jina.

“Khamis. Nampaje maji?”

“Bado hatujaweka maji, mama.”

“Wekeni.”

Nikarudi Nakawa, nikamwambia Nakato. Akaongeza mwanamke mwenye ndoo kichwani anayevuka kutoka upande mmoja. Ukimfungulia njia mpaka akafika katikati, askari anakunywa na mkono wake unakuwa mwepesi. Watu wa kampuni ya simu walipokuja walikuwa wanne, wamevaa suti. Watatu waliuliza maswali. Wa nne hakuuliza kitu, alikuwa anajaribu kumvusha mwenye ndoo, na mwenzake alimgusa mara mbili kumkumbusha kwamba mkutano umekwisha. Waliichukua. Otieno hakurudi Kisumu, na wanafunzi wa huko wamepona hesabu zake.

Kama ningeishia hapo, mngenielewa vibaya, kama nilivyojielewa vibaya mimi. Maana baada ya hapo nilikuwa mhubiri. Kila picha niliipunguza. Nyumba nikaiondolea madirisha. Kuku nikamwachia mdomo na mguu mmoja. Nakato alinivumilia miaka miwili.

Ikaja gemu ya ufundi wa magari, ya vijana wanaojifunza gereji. Mchezaji analetewa gari bovu, atambue ugonjwa. Nilichora injini kama mkate wenye vifungo vitatu, nikajiona nimefika. Tukampelekea Fundi Waswa wa Katwe, ambaye gereji yake iko hatua chache kutoka kibanda changu cha zamani. Akafuta mikono, akashika simu kwa ncha za vidole.

“Hii ni injini ya nini?”

“Ya gari.”

“Gari gani?”

“Gari tu.”

“Mzee Khamis, hakuna gari tu.” Akagusa kifungo cha plagi, kile kidude cha kuwashia petroli ndani ya injini, ikatoka. Nilikuwa nimeipaka bluu. “Sasa hii. Plagi ikitoka nyeusi, inaniambia gari linakula petroli kupita kiasi. Ikitoka nyeupe, inaniambia linachemka. Wewe umenipa bluu. Bluu inaniambia nini?”

“Kwamba ni plagi.”

“Hilo nilikuwa najua.”

Akanirudishia simu. Nilikaa gerejini kwake wiki tatu, nachora plagi. Masizi makavu yana rangi yake, na masizi ya oili yana rangi yake, na ukiyachanganya unamdanganya mwanafunzi akafungue injini nzima ya mtu bila sababu. Nilirudi kwenye unywele mmoja mmoja, kama kwa mbuzi. Nilichora kutu, nyufa, pete ya mpira iliyoanza kukauka. Boneti na viti sikuvigusa, nikaviacha vya kijivu. Gemu ilipokwisha, mafundi wa Waswa waliinyang'anyana, wakawa wanaulizana, “Hii nyeusi ni ya masizi au ya oili?” na kubishana kana kwamba gari liko mbele yao.

Ndilo jibu langu, kwa wanaobishana mezani. Mchezaji ana kitu kimoja anachokikazia macho ili aamue. Kwa askari lilikuwa bega, kwa fundi ilikuwa rangi ya plagi. Hicho kichoreni kwa ukweli wote mlio nao, hata kikiwachukua mwezi. Vingine ni pambo, na pambo likizidi linachosha simu na mtu. Kukijua kitu hicho huwezi ukiwa umekaa ofisini. Inabidi umwendee Mama Akello, nawe ufunge mdomo, jambo ambalo mimi nilishindwa mara kadhaa.

Nina moja la mwisho, na ni la wiki ileile niliyostaafu. Wengi wenu hamlijui, kwa sababu mlikuwa mkutanoni na mimi nilichelewa.

Suzan alijiunga nasi mwaka huu. Yeye anachora vitu vikafanana na kweli kwa kiwango ambacho mimi, hata miaka yangu ya kujivuna, sikukifikia. Alikuwa amesikia habari za askari asiye na pua, akaamini mimi ni adui wa picha za namna yake, kwa hiyo miezi mitano hakunionyesha kazi. Jumatano akaja mezani kwangu na simu, akaisukuma mbele kama mtu anayetoa karatasi ya mtihani.

“Mzee, ni gemu ya chapati. Unakaanga kando ya barabara, wateja wanakuja. Nimeweka mafuta yanayochemka, na moshi, na unga ukishika vidole unaonekana. Najua utasema nimezidisha. Sema tu.”

Nikaichukua. Mteja wa kwanza alitaka chapati mbili na mayai. Wa pili alitaka moja, isiive sana. Wa tatu alikuwa kondakta mwenye haraka. Nikaunguza ya kwanza. Ya pili nikaigeuza kwa wakati, kumbe pembeni bado mbichi, kondakta akaondoka. Nikaanza upya. Otieno aliniita mkutanoni, nikasema nakuja. Nikajua sasa kwamba ukingo wa chapati ukibadilika rangi una muda wa pumzi moja, usiitoe kabla. Nikawahudumia sita mfululizo. Otieno aliniita tena. Akaja mwanamke anayetaka nne, na mvua imeanza, na mkaa umebaki kidogo.

Nilipoinua kichwa Suzan alikuwa bado amesimama, mikono imeshikana.

“Sasa, Mzee,” akasema, “picha zangu umezionaje?”

Nikatazama simu, nikajaribu kukumbuka moshi, na mafuta, na ule unga wa vidoleni. Niliweza kumkumbuka tu yule mwanamke wa chapati nne, ambaye nilikuwa nimemwacha kwenye mvua.

“Sikuziona, mwanangu,” nikamwambia. “Nilikuwa na wateja.”